Nyumba Iliyotaka Kumpika Bibi Harusi

Kwenye njia ya kwenda sokoni wamesimamisha bango, na kwenye bango wamechora nyumba ya dada yangu. Kuta nyeupe, paa la bati linang'aa kama meno ya muongo, na mlangoni kasimama mwanamke mnene anayecheka. Mwanamke huyo hatumjui. Chini wameandika kwa Kifaransa kwamba hii ndiyo nyumba ya kesho, na eti ina ubaridi.

Ubaridi! Siku ya kwanza nilipolisoma nilicheka hadi muuza maembe akaniuliza nimekula nini. Halafu kicheko kikakatika. Tangu siku hiyo nikipita pale natema mate. Mama akiwepo nayameza, kwa sababu mama anasema msichana wa kidato hatemi mate barabarani, hata kama barabara imestahili.

Haya nayaandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Nyumbani kwetu tunasema Kikomoro, mtaani Kimalagasi, shuleni Kifaransa. Kiswahili nilikipata kwa koko, bibi mzaa mama, ambaye baba yake alikuwa mfanyabiashara akiandikiana na watu wa Unguja. Hapa Mahajanga tunaokijua tumebaki wa kuhesabika, na wengi wetu tunakitumia kwa dua na kwa kutukanana kistaarabu. Kifaransa ni cha kampuni. Mkubwa wao akiyaokota maandishi haya, na ahangaike.

Sasa sikilizeni. Kwetu sisi, nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume hajengi nyumba akamweka mke ndani, ila mke ndiye mwenye nyumba, na bwana harusi huingia kama mgeni, na sanduku lake la nguo na adabu zake. Msichana akizaliwa, wajomba na mama wanaanza kuhangaika na kiwanja. Asiye na nyumba haolewi, na akiolewa bila nyumba watu watamsema mpaka wajukuu wake wazeeke. Dada yangu mkubwa alikuwa na mchumba, alikuwa na kiwanja hapa Tanambao alichopewa na mama, na mama alikuwa amekwisha kukusanya miti ya kujengea. Kilichobaki ni kujenga.

Ndipo ikaja kampuni ya bati.

Ilikuja na ahadi nzuri sana. Bendera yetu ni mpya, nchi ni mpya, na wao wakasema wanatafuta nyumba mpya ya mtu wa pwani. Watajenga nyumba ya majaribio bila kutoza kitu, mtafiti wao atapima joto ndani yake kwa majira mawili, kisha nyumba itakuwa yetu moja kwa moja. Baba, ambaye ni karani wa ghala bandarini na hupenda sana kuonekana mtu wa maendeleo, akatia sahihi siku hiyohiyo. Wala hawakumuuliza mama. Waliona mwanamume ana kofia na kalamu, wakadhani wamempata mwenye nyumba.

"Umetia sahihi kama nani?" koko akamuuliza jioni.

"Kama baba wa familia, mama mkwe."

"Haya. Kama wakitaka kununua familia, sahihi wanayo. Ya nyumba bado."

Baba akacheka. Sote tukacheka. Laiti tungejua kwamba ile ilikuwa sheria, si mzaha.

Mtafiti alikuwa kijana wa milimani, Mmalagasi mwenzetu, amesomea uchoraji wa majumba ng'ambo, na shati lake lilinyooshwa hata mahali ambapo shati halina sababu ya kunyooka. Nilimpa jina la Bwana Joto wiki ileile, na mtaa mzima ukalipokea. Chuo chake kilimtaka aandike utafiti ili apewe shahada ya juu, na kampuni ndiyo iliyomlipa mshahara ili afanye utafiti huohuo. Alitueleza hivyo mwenyewe, akitabasamu, kama mtu aliyeoa wake wawili na bado yuko katika juma la kwanza.

Nilimpenda, sitadanganya. Aliuliza maswali ambayo hakuna mtu mwenye shati kama lile amewahi kutuuliza. Mnapika wapi? Mchana mnakaa upande gani? Kwa nini mlango huu haufunguliwi wageni wakija? Akachora mchangani kwa kijiti: bati juu, na chini yake tandiko la makuti ya satrana, ule mkoche wetu wenye majani mapana kama upepeo, na katikati ya hivyo viwili nafasi tupu ya hewa kupita. Akasema bati peke yake ni kikaango. Makuti peke yake yanavuja na kuungua. Vikiwa pamoja, na upepo katikati, mtu atalala mchana wa Novemba bila kuota Jahannamu.

"Kwa hiyo upepo ndio ukuta wa tatu," nikamwambia.

"Paa la tatu," akanisahihisha.

"Na bei yake?"

"Upepo ni bure."

"Basi kampuni haitautaka."

Akacheka sana. Ningekuwa ninajua kuloga ningesema nilimloga palepale.

Alisema lazima kwanza apime nyumba ikiwa na bati tupu, kwa majira ya joto mazima, ndipo aweke tandiko la makuti apime tena, aone tofauti. Hilo lilikuwa na akili, tukalikubali. Nyumba ikajengwa, ikapakwa chokaa, ikang'aa. Vipimajoto vikaning'inizwa kama soseji. Dada akahamia humo mchana kutwa na cherehani yake, kwa sababu Bwana Joto alisema nyumba isiyo na mtu haimwambii kitu. Anahitaji mtu anayepumua, anayechemsha chai. Dada akapumua. Dada akachemsha, naye akachemka. Ikifika adhuhuri salova yake, ile nguo yetu ya kujifunga kifuani, ilikuwa imeloa kana kwamba ametoka kufua akiwa ameivaa. Alishona mashuka ya harusi yake akiwa na kitambaa cha maji kichwani, na kila jasho lilipodondoka juu ya kitambaa cheupe alikata uzi na kulaani, na dada yangu si mtu wa kulaani, kazi hiyo ni yangu.

"Vumilia," mama alimwambia. "Makuti yanakuja."

Tulikuwa tunavumilia kwa ajili ya elimu, mnaona. Nilikuwa najivuna shuleni! Nilimwambia mwalimu wa fizikia kwamba dada yangu ni sehemu ya sayansi.

Majira yakaisha, na siku ya kuleta makuti akaja mkubwa wa kampuni. Vazaha, mzungu mfupi, uso mwekundu, na gari lililotaka njia nzima kwa ajili yake. Bwana Joto alishuka nyuma yake, na nilipomwona anatazama viatu vyake nilijua. Mkubwa akaizunguka nyumba, akaipiga ukuta kofi kama mtu anayenunua ng'ombe, akaanza kusema Kifaransa. Baba alikuwa kazini, kwa hiyo mimi ndiye nikawa mkalimani wa mama na koko.

Alisema maneno marefu. Ushirikiano, fahari, mafanikio ya awamu ya kwanza, soko liko tayari.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anasema makuti hayaji."

"Amesema maneno yote hayo?"

"Mengine yalikuwa sukari, mama. Nimeyamwaga."

Bwana Joto, ambaye hakuhitaji mkalimani, akamgeukia mkubwa wake, akasema taratibu kwamba awamu ya pili ndiyo utafiti wenyewe, kwamba bila kulinganisha hakuna jibu, kwamba chuo kinasubiri. Mkubwa akamsikiliza kwa subira ile mbaya, ya mtu anayesubiri mtoto amalize kulia. Kisha akasema sentensi ambayo mimi sikuipunguza, niliitafsiri tu ilivyo, kwa sababu hakuna ninachoweza kuiongezea: "Kampuni inauza bati. Haiuzi majani, na haiuzi upepo."

Bwana Joto akanyamaza.

Akanyamaza! Mtu aliyechora mchangani kwetu, aliyekunywa chai ya dada yangu yenye jasho lake. Nilisubiri neno moja. Nikaona koo lake linapanda na kushuka, neno likafika mahali fulani, likarudi.

Likizo iliyofuata mama alinichukua kwenda kisiwani Nosy Be, kwa ndugu zake wa Ambatoloaka, kutafuta mikeka ya harusi na manukato ya langilangi. Ambatoloaka ni kijiji cha wavuvi na mchanga, hakuna la ajabu huko. Ila mwaka ule palikuwa na nyumba mpya nyeupe karibu na maji, na mlinzi wake alikuwa mtoto wa mama mdogo wangu.

"Hii ya nani?" nikamuuliza.

"Ya kampuni ya bati. Kuna kijana mmoja kutoka milimani aliichora. Wakubwa wanakuja kupumzika."

"Nifungulie."

"We! Nifukuzwe kazi?"

"Nifungulie au nitamwambia mama yako nani alikula samaki wa karamu ya Idi."

Akanifungulia. Nikasimama katikati ya chumba, na ngozi yangu ikaelewa kabla ya kichwa. Ubaridi. Adhuhuri, jua limekaa juu ya bati kama kuku juu ya mayai, na ndani ubaridi wa mtungi. Nikainua macho. Makuti, yamefumwa vizuri, yametandazwa chini ya bati, na kati yake pengo, na upepo wa bahari unapita humo ukivuma polepole kama mtu anayenong'ona. Mchoro wa mchangani kwetu. Wote, mpaka matundu ya pembeni. Nikalala chini sakafuni, mikono wazi, nikalia kwa hasira, na binamu yangu akadhani nimepandwa na pepo akatafuta mtu wa kunisomea.

Kwa hiyo jibu lilikuwepo. Walilijua. Nyumba iliyofanyiwa utafiti wote walijijengea wao, ya kulala usingizi wa Jumapili, na nusu ya utafiti, ile nusu ya kikaango, wakampa dada yangu.

Tuliporudi Mahajanga sikusubiri. Nilimkuta Bwana Joto barazani kwa dada, anafuta vumbi kwenye vipimajoto vyake. Nilimwambia nimelala sakafuni katika nyumba ya Ambatoloaka. Akawa mweupe, na kwa mtu wa rangi yake hiyo ni kazi.

"Nyumba ile niliijenga kama kielelezo," akasema. "Niliwaomba wajenge na hapa. Walisema ya pale ni ya wageni wao."

"Na wewe ukasema nini?"

"Sikiliza, mdogo wangu. Chuo kinataka ukweli. Kampuni inataka soko. Mimi nimekaa katikati. Vipimo vyote nilivyochukua ni mali ya kampuni, mkataba unasema hivyo. Nikisema neno bila ruhusa yao, sina kazi, na chuo hakitanipokea bila vipimo."

"Vipimo ni vya kampuni."

"Ndiyo."

"Na jasho la dada yangu ni la nani? Maana ndilo ulilolipima."

Akarudi kufuta vumbi. Dada alikuwa ndani ameacha kushona, cherehani imenyamaza, anasikia. Baadaye aliniambia lile swali lilimuuma kuliko joto, kwa sababu hakuwa amefikiri kwamba na jasho linaweza kuchukuliwa.

Sasa bila haya, kampuni ikatutumia habari kupitia baba kwamba wanataka kuja kuizindua nyumba, na mpiga picha, na watu wa gazeti. Baba akafurahi. Akasema hiyo ni baraka, na kwa kuwa sisi kabla ya bibi harusi kuingia nyumbani kwake husoma dua ndani ya nyumba, mbona tusiunganishe? Mama akataka kukataa. Koko akamshika mkono.

"Waache waje," akasema. "Waje adhuhuri. Wageni wa heshima hukaa wapi?"

"Chumba cha ndani," nikasema.

"Na mgeni wa heshima huondoka lini?"

Nikaanza kucheka, nikaziba mdomo. Kwetu mgeni wa dua hainuki kabla ya dua kwisha, na dua haijaisha mpaka kahawa imezunguka, na halwa, na mwenye nyumba ametia udi na kuwarushia wageni marashi. Kuinuka mapema ni kuitakia nyumba ukiwa. Na anayeamua kahawa ije lini ni mwanamke mkubwa wa nyumba. Yaani koko.

Walikuja. Mkubwa alivaa suti na tai. Tulimketisha kwenye zulia bora kabisa, ndani kabisa, chini ya bati tupu, mpiga picha kulia, baba kushoto, Bwana Joto mkabala, na mapazia tukateremsha kama inavyopasa. Shehe akasoma kwa urefu, Mungu amzidishie pumzi. Nilikaa karibu na mlango kama mkalimani. Nikaona tai inalegea. Nikaona shingo ya mkubwa inageuka kutoka nyekundu kwenda rangi ya biringani. Jasho likamtiririka puani likadondokea zulia la harusi la dada yangu, na hapo, nasema kweli, nilihisi haki kidogo.

"Muulize itachukua muda gani," akaninong'oneza.

"Anauliza itachukua muda gani," nikamwambia koko.

"Mwambie tunasaga kahawa."

"Tunasaga kahawa, bwana."

Muda mwingine ukapita. "Muulize, tafadhali."

"Mwambie sasa tunaikaanga."

"Mnaikaanga baada ya kuisaga?"

"Ni mila, bwana."

Baba alinikazia macho ya kuniua, lakini naye alikuwa anatiririka. Mwishowe mkubwa akavua koti, akavua tai, akapiga goti kutaka kusimama, wazee wote wakamtazama, akarudi chini, na hapo mbele ya mpiga picha, mbele ya watu wa gazeti na wa mtaa, akapiga kelele: "Lakini humu hamkaliki!"

Sikuitafsiri. Haikuhitaji.

Koko akaingia na sinia ya kahawa, taratibu, akaketi. Hakumtazama mkubwa. Alimtazama Bwana Joto. "Muulize huyu mwenye vyombo," akaniambia, "atwambie sote, humu ndani mna joto kiasi gani, na kwa nini."

Nikamuuliza kwa Kimalagasi, kwa sauti, ili kila mtu asikie. Kipimajoto kilikuwa juu ya kichwa chake, angeinua macho tu. Watu wa gazeti walikuwa wameshika kalamu. Mkubwa wake alikuwa amemkodolea macho. Angesema sentensi moja. Angesema hata, "Kuna njia nyingine, nimeichora." Hiyo tu.

Akasimama, akakitungua kipimajoto msumarini, akakitia mfukoni.

"Kimeharibika," akasema.

Mimi nimewahi kudanganya walimu, nimewahi kudanganya hata imamu juu ya viatu vyake. Sijawahi kusikia uongo mdogo namna ile uliojaza chumba namna ile. Hakuna aliyecheka, hata mimi.

Walipoondoka mama alimwita mjomba, kaka yake, na baba, akasema mbele yao wote kwamba kiwanja ni chake, kwamba amempa binti yake, na kwamba aliyetia sahihi kwa kampuni alitia sahihi kwa nyumba ya watu. "Hiyo sahihi ni ya mgeni," akasema. Baba akainamisha kichwa. Mjomba akauliza tufanye nini. Dada yangu, ambaye tangu mwanzo hakuna aliyemuuliza, akasema: "Leteni makuti."

Tandiko la ndani lingehitaji mbao ambazo hatukuwa nazo, na harusi ilikuwa imekaribia. Kwa hiyo tukaipindua picha ya mchangani juu chini. Wajomba wakalaza miti ya mama juu ya bati, ile aliyoikusanya tangu zamani, wakaacha nafasi, na juu ya miti wakafunga makuti ya satrana, paa zima. Wanawake tulikata na kufunga mafungu, mimi nilikata kidole. Upepo ukapita katikati. Ule mng'aro wote wa kampuni ukazama chini ya majani kama sahani chini ya wali. Walipokuja kupiga picha upya mkubwa alifoka mpaka mbwa wakajibu, akasema tumeharibu mali. Mjomba akamwambia aende mahakamani na sahihi ya mgeni. Hakwenda. Wakatumia picha ya zamani, wakamchora mwanamke mnene, wakaweka bango.

Dada aliolewa. Bwana harusi aliingia na sanduku lake. Na sasa mchana dada analala, mlango wazi, mdomo wazi, vibaya kabisa, na hakuna usingizi mzuri kama huo hapa mjini. Lakini kutoka pale anapolala, nikihesabu kwa macho hadi mtaa wa Antanimasaja, naona mabati mapya yamezidi. Watu wamesoma bango. Watoto wamo ndani wanapikwa. Nikiwaambia, wanasema, "Wewe si yule wa mizaha?"

Juzi Bwana Joto alikuja. Shati lilikuwa limekunjamana. Alisimama uani akaangalia paa muda mrefu, kichwa kimeinama upande, na uso wake ukawa ule wa zamani, wa kijiti na mchanga. Akasema hakuwahi kufikiri kuyaweka juu. Akasema huenda ni bora kuliko la kwake, lakini hawezi kujua bila kupima. Akatoa kipimajoto mfukoni. Kilekile.

"Kimepona?" nikamuuliza.

Akanipa mgongo. Alikuwa anamwambia dada: siku chache tu, hatamsumbua, kitundikwe tu hapo ndani.

Dada alikuwa mlangoni, mkono juu ya komeo. Hakuita mume, hakumwita baba. Nyumba ni yake.

"Ukishapima," akasema, "utasema?"

Kijana akafungua mdomo. Nikaona lile koo linapanda, linashuka, neno linafika palepale lilipofika siku ile. Tulisubiri. Wallahi tulisubiri, hata mimi nilinyamaza, na hata sasa nikikumbuka natamani lingetoka.

"Inategemea kampuni," akasema.

Dada akafunga mlango. Si kwa nguvu, alifunga vile mtu anavyofunga ili ubaridi usitoke nje. Akaachwa Bwana Joto uani, juani, na chombo chake mkononi, na mimi nikamwambia kama anataka sana kupima joto, asimame hapohapo.